Nikifuata Marejesho: Malindi hadi Kizingitini

Jumatatu. Malindi – Mpeketoni

Basi la Lamu huondoka Malindi mapema, na abiria wake utawajua kwa jambo moja: kipande hakikai ndani ya mkoba, kinakaa mfuko wa shati. Njia hii utaulizwa kitambulisho kabla hujaulizwa hali.

Nimetumwa na taasisi moja ya mikopo midogo ya hapa Pwani. Tumekubaliana jina lake nisilitaje. Kabla mashambulizi ya al-Shabaab hayajaharibu mambo ilikuwa na vikundi Lamu nzima, bara na visiwani. Sasa bodi inataka kujua kama inafaa irudi kule ilikotoka. Mie ni mtu wa hesabu. Nilipewa faili, nikalisoma lote, na hesabu zake ni nzuri mno. Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza.

Taasisi za namna hii hupimwa kwa njia mbili. Kwanza, zinamfikia nani: wateja wangapi, wanawake wangapi, na mkopo wa kawaida ni mdogo kiasi gani, kwa kuwa mkopo mdogo ndio dalili kwamba umemfika mtu wa chini. Pili, zinajitegemea? Unachukua mapato ya riba na ada, unayagawa kwa gharama zote pamoja na mikopo iliyopotea. Yakivuka asilimia 100, taasisi inaweza kusimama bila mfadhili. Halafu kuna kipimo kinachowanyima wakurugenzi usingizi, nacho ni fungu la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30. Kwenye faili langu fungu hilo la Lamu lilipanda vibaya sana 2014. Kisha likashuka, likashuka tena, mpaka tawi lenye vita likawa na marejesho masafi kuliko tawi la Malindi lisilosikia hata bunduki ya kuwinda.

Tulivuka Sabaki, tukapita mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, tukanywa chai Garsen, kisha basi likashika njia ya Lamu. Barabara siku hizi ni lami. Waliosafiri zamani wanakumbuka vumbi la kiangazi na matope ya masika, na basi kulala njiani. Lami imefupisha safari lakini haikuondoa vizuizi. Kwenye kizuizi cha kwanza tulishuka wote, tukapanga foleni, tukapita mbele ya askari mmoja mmoja, kipande juu, kisha tukapanda tena. Upande wa Nyongoro hakuna aliyezungumza ndani ya basi. Hapo ndipo basi la abiria lilipomiminiwa risasi Januari 2020, watu wakafa.

Kijana niliyekaa naye aliniuliza, "Dada, wewe ni mtu wa mkopo?"

"Umejuaje?"

"Umebeba faili, na huna mzigo."

Nilikuwa nahesabu muda tunaokaa kwenye kila kizuizi. Afisa wa mikopo ana kazi moja tu ya maana, nayo ni kufika. Aliyekuwa akikutana na vikundi vitatu kwa siku, akisimamishwa njiani na kulazimika kurudi kabla ya jua kuzama, atafika kimoja. Mshahara ni ule ule, mafuta ya pikipiki ni yale yale. Ukimkopesha mama wa mbogamboga elfu kumi, riba yake hailipi hata safari ya kumfuata. Ukimkopesha mwenye duka laki tatu, inalipa. Kwa hiyo hata kabla mkopaji mmoja hajashindwa kulipa, barabara imeshachagua nani akopeshwe.

Witu tulipita bila kusimama. Mji huu uliwahi kuwa na sultani wake na ulinzi wa Wajerumani, na Waingereza wakauchoma 1890. Huku habari za bunduki hazikuanza na al-Shabaab, ingawa mtu wa Nairobi anaweza kudhani hivyo. Mbele yake tuliiacha barabara kuu, tukaingia Mpeketoni jioni.

Jumanne. Mpeketoni

Mpeketoni ni mji wa mpango wa makazi wa miaka ya 1970, kandokando ya ziwa linaloitwa Kenyatta. Familia nyingi zilikuja kutoka sehemu za ndani za nchi zikapewa mashamba, zikapanda pamba, mahindi, korosho, maembe, ufuta. Ardhi ile ile ndiyo chanzo cha manung'uniko ya muda mrefu kati ya wenyeji wa visiwani na waliokuja, na siwezi kuyamaliza hapa. Ninachojua ni kwamba usiku wa tarehe 15 Juni 2014, watu wakiwa wanatazama Kombe la Dunia, waliingia watu wenye silaha wakachagua wanaume na kuwaua, wakachoma hoteli na magari. Usiku uliofuata walirudi vijiji vya jirani. Waliouawa kwa siku hizo mbili walizidi 60. Mwanzo wa Julai ikawa zamu ya Hindi na Gamba.

Nilikutana na akina mama wa kikundi kimoja cha zamani nyuma ya duka la pembejeo. Walikuja na vitabu vyao vya marejesho, vile vidogo vyenye jalada gumu. Vinaishia Juni. Kurasa zilizofuata ni nyeupe, isipokuwa kwa mama mmoja ambaye mtoto wake amechorea magari.

Nilitaka kujua marejesho yalisimamaje. Nilidhani nitasikia habari za maduka kuungua, na zipo. Lakini walichokizungumza kwa hasira ni dhamana ya kikundi. Mikopo hii haina hati ya shamba, mnadhaminiana. Mmoja akishindwa, wenzake wanalipa. Mpango huo ni mzuri mwenzako akifiwa na ng'ombe au mtoto akilazwa hospitali, maana msiba ni wa mmoja na kikundi kina mabega mengi. Juni ile msiba ulikuwa wa wote siku moja. Wengine walilala msituni na kwenye viwanja vya shule, wengine wakapanda lori wakarudi walikotoka kwa ndugu zao. Waliobaki Mpeketoni, ambao ndio walikuwa na ujasiri au ndio hawakuwa na pa kwenda, wakaambiwa walipe deni la waliokimbia.

"Madam," mmoja akaniambia, "mimi nimebaki nimezika, halafu simu inalia, naulizwa mwenzangu yuko wapi. Nikiwa namtafuta mimi mwenyewe."

Chukua mfano wa kikundi cha wanawake kumi, kila mmoja ana deni la elfu ishirini. Watano wakiondoka, walio nyuma wanabebeshwa elfu arobaini kila mmoja, wakati soko limefungwa. Hakuna atakayelipa. Hata aliyekuwa na uwezo wa kumaliza elfu ishirini zake ataacha, kwa kuwa kulipa zake hakumtoi kwenye deni. Hivyo dhamana iliyowekwa ili ilinde mkopo ndiyo iliyoua marejesho ya wale ambao wangelipa.

Akiba waliyokuwa wakiweka kila wiki ilikatwa kufidia. Waliokimbia waliorodheshwa CRB, ofisi zinazotunza rekodi za wakopaji, na miaka kadhaa baadaye, wakiwa na maduka mapya huko walikohamia, wakaomba mkopo wakaambiwa jina lina doa. Niliuliza kuhusu bima, maana kila mkopo ulikuwa umekatwa ada ya bima ya maisha. Mjane mmoja alicheka. Bima nyingi za aina hiyo zina kipengele kinachoondoa vifo vya vita na machafuko, na hakuna aliyewasomea kipengele hicho siku ya kutia kidole.

Mchana nilitembea mjini. Mpeketoni haikufa, na atakayekwambia ni mahame hajafika. Soko limejaa, bodaboda zinapigana vikumbo, maduka ya simu yana muziki wa kutoboa masikio. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinikaribisha soda. Yeye ni mteja mzuri wa taasisi iliyonituma, ana hati ya kiwanja, analipa kwa simu bila kutembelewa. Mkopo wake mmoja ni sawa na mikopo ya kikundi kizima cha wale mama. Nilipofungua faili usiku nilimwona: yeye na wenzake wachache wa barabara kuu ndio tawi la bara kwa sasa. Ndiyo maana mkopo wa wastani umepanda na ucheleweshaji umeshuka. Taasisi ilipona kwa kuwaacha nje wale iliyoanzishwa kwa ajili yao, na karatasi inaonyesha kupona tu.

Mkulima mmoja wa ufuta alinieleza jambo jingine kabla sijalala. Baada ya mauaji ya Widho Januari 2022, kisha ya Juhudi na Salama Juni 2023, wapo wanaolima mchana na kulala mjini. Shamba lisilolindwa usiku linavunwa na nguruwe na nyani. Hata amani ikirudi katikati ya msimu, mkopo wa mbegu umeshapotea, na afisa wa mikopo akiangalia ramani atasema hapakuwa na shambulio mwaka huo.

Jumatano. Hindi, Mokowe, Amu

Nilitaka kupita upande wa Pandanguo, kijiji cha Waboni. Dereva alinitazama, akaniuliza kama nimeolewa, akawasha gari kuelekea Hindi.

Vijiji vya Waboni vilivyo msituni, Basuba, Mangai, Milimani, Kiangwe, viko ndani ya eneo la operesheni ya jeshi iliyoanza Septemba 2015 kwa jina la Linda Boni. Kuchuma asali na kuingia msituni kwa uhuru kulikwisha. Kwenye faili langu hawamo kabisa, hawakuwahi kuwamo, kwa hiyo hakuna takwimu itakayoonyesha kwamba walipotea.

Mokowe jua kali. Boti, maji, Amu, yaani mji wa Lamu.

Alhamisi. Amu

Afisa mkongwe wa tawi alinipokea kwa kahawa chungu na kashata. Amefanya kazi hii tangu siku za daftari na kalamu. Nilimuuliza ni nani aliyetoa amri ya kuacha vijiji vya bara, nipate tarehe.

"Hakuna amri, dada. Hakuna barua. Wiki ya kwanza nilisema nitaenda wiki ijayo."

Kisha akanieleza. Marupurupu yake yanategemea marejesho safi. Kikundi kilicho mbali kikichelewa, yeye ndiye anayekatwa. Akikiondoa kwenye orodha baada ya deni kufutwa, hali yake inakuwa nzuri. Pikipiki ya ofisi haina bima ya kupita baadhi ya njia. Na ana watoto. Kila mtu kwenye mnyororo huu alifanya jambo la akili, kuanzia kwake hadi mkurugenzi, na jumla yake ni kwamba eneo lote limebaki bila mkopeshaji. Ningependa kumlaumu mtu. Nilijaribu.

Kisha akanirudisha nyuma kuliko 2014. Kwa watu wa Amu shida ilianza Septemba 2011, Mwingereza alipouawa na mkewe kutekwa Kiwayu, kisha Mfaransa akachukuliwa Manda mwezi uliofuata. Oktoba hiyo hiyo Kenya ikaingiza jeshi Somalia. Serikali za Ulaya zikawaonya raia wao wasije. Risasi hazikulia hata moja ndani ya mji wa Amu, lakini manahodha wa mashua za wageni, wafuaji nguo, wapishi na wauza kofia walikuwa ndio wakopaji wake, na wote walikosa kipato mwezi mmoja.

Julai 2014 ikaja kafyu, kuanzia machweo hadi alfajiri, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Julai ni kusi. Bahari ya nje haiendeki kwa vyombo vidogo, na kinacholisha nyumba ni uvuvi wa usiku wa ndani ya mikono ya bahari. Ratiba ya marejesho ilikuwa kila Jumanne, iwe kusi iwe kaskazi. Makao makuu yalipouliza kwa nini Faza, kisiwani Pate, hailipi wakati Faza haikushambuliwa, afisa wetu alikosa namna ya kujaza fomu. Fomu ilikuwa na kisanduku cha "shambulio", haikuwa na cha "hawaruhusiwi kutoka usiku". Kisha Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa, zile za hawala, na nyumba zilizokuwa zikisaidiwa na jamaa wa ng'ambo kupitia njia hiyo zikakauka kwa muda.

Jioni nilikaa kwenye baraza karibu na Ngome nikifikiria mambo ya mbali. Watu wa mikopo midogo hupenda kusema vita ni adui wa kazi yao, ilhali sehemu ya kazi hiyo ilizaliwa vitani. Fazle Hasan Abed alianzisha BRAC mwaka 1972 ili kuwasaidia wakimbizi waliokuwa wakirudi Bangladesh baada ya vita vya ukombozi. Misaada ilitangulia, mikopo ikafuata. Bosnia nayo, baada ya mkataba wa Dayton wa 1995, iliona taasisi za mikopo zikichipuka kwa msaada wa Benki ya Dunia, wakopaji wakiwa wajane na waliorudi makwao. Zikakua kwa kasi, na mwishoni mwa muongo uliofuata zikajikuta zimewabebesha watu madeni kupita kiasi. Lakini kote huko vita vilikuwa vimekwisha. Lamu haina tarehe ya mwisho. Inakuwa kimya miaka miwili, kisha Widho. Mfadhili wa baada ya vita haji, kwa kuwa hakuna baada.

Ijumaa. Amu

Siku ya sala, ofisi nusu siku. Mkate wa mofa asubuhi, kunakili mafaili, kungoja maji ya kupita mlango wa bahari wa Mkanda. Mzee mmoja msikitini alimwambia mwenyeji wangu kwamba riba ndiyo iliyoleta balaa yote hii. Sikubishana naye, lakini niliandika pembeni: wapo wengi Amu ambao hawakuacha mikopo kwa sababu ya vita, waliikataa tangu mwanzo. Fedha za Uwezo, mfuko wa serikali, zisizo na riba ila ada ya asilimia 3, ziliwahi kuingia kwa vikundi ambavyo taasisi yetu haikuweza kuviingia hata siku za amani.

Jumamosi. Kizingitini

Boti iliondoka na maji. Tulipita Mkanda, mikoko pande zote mbili, tukagusa Faza, tukashuka Kizingitini joto likiwa limekwisha kukolea. Huu nao uko kisiwani Pate, ni mji wa wavuvi wa kamba, na wanawake wake ndio niliokuja kuwaona, kwa sababu faili linasema kikundi chao "kimekufa".

Maiti ilikuwa imekaa jamvini, imezunguka sanduku la bati lenye makufuli matatu.

"Ndoo ukae, mwanangu," mweka hazina akaniambia. "Afisa wenu hakuya tena. Sisi tuliendelea."

Waliendelea vipi? Baada ya kafyu walikaa wakaona ratiba ya kila wiki haiwezekani, wakaifunga ratiba kwenye bahari. Anayekopa hulipa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana na samaki wanapatikana. Wakati wa maji mafu haulizwi. Hakuna riba, kila mwanachama ana hisa, na anayekopa hutoa kiasi kidogo cha kuendesha sanduku. Aliyehama hadaiwi kupitia mwenzake, hisa zake zinashikwa mpaka arudi au atume mtu. Funguo tatu ziko nyumba tatu. Hakuna mafuta ya pikipiki, hakuna kizuizi, hakuna marupurupu. Gharama ya kumfikia mkopaji ni kuvuka ua.

Nilisoma daftari lao muda mrefu. Ni zuri, na nikaanza kuwasifu. Mama yule akanikatiza.

"Usitusifu sana. Sanduku hili halinunui mashine ya boti."

Ana haki. Siku wote wakikwama pamoja, sanduku hubaki tupu, kwa sababu anayeweka na anayekopa wote wanakula bahari ile ile. Kwenye daftari ipo miezi ya 2014 isiyo na mkopo hata mmoja. Hapakuwa na kitu cha kukopeshana. Taasisi yenye wateja Malindi, Kilifi na Mombasa inaweza kubeba hasara ya kisiwa kimoja kwa mwaka, sanduku haliwezi. Na binti anayetaka friza ya kuhifadhia samaki, asimuuzie tajiri kwa bei ya kutupa, hatapata pesa hiyo humo milele.

Kwa hiyo wanataka turudi, kwa masharti yao. Marejesho yafuate bamvua. Mtu asilipe deni la aliyekimbia. Kukitangazwa kafyu au marufuku ya kuvua, ratiba isimame siku hiyo hiyo bila mtu kuandikwa mchelewaji. Afisa aje hata mara moja kwa mwezi, lakini aje. Mengine yapite kwa simu. Bima isomwe kwa sauti kabla ya kutia kidole. Na wale wasiotaka riba wapewe bidhaa: taasisi inunue mashine, iwauzie kwa bei iliyokubaliwa, walipe kidogo kidogo. Mabenki ya Kiislamu yanafanya biashara hiyo Kenya tangu 2008, si jambo la kuvumbua.

Nilipiga hesabu palepale juu ya mgongo wa faili. Kwa masharti hayo tawi la Lamu halifiki asilimia 100, si kwa miaka ya mwanzo. Litashuka chini yake, na tofauti hiyo lazima ilipwe na mtu: matawi mengine, serikali ya kaunti, au mfuko wa kudhamini hasara za usalama. Nikamwambia mama hivyo, sikutaka kumdanganya.

"Na sasa nani analipa?" akauliza, akafunga kufuli la kwanza.

Jumapili. Mokowe – Malindi

Kwenye basi la kurudi nilimpigia mkurugenzi mtandao ulipotulia karibu na Garsen. Nilimweleza kwamba sitapendekeza kurudi bara yote kwa mkupuo: tuanze Pate na mjini Mpeketoni, na vikundi vya mashambani vifuate kupitia kwa wale mama wa vitabu vyeupe, baada ya majina ya wenzao waliokimbia kusafishwa CRB. Hilo la CRB alilipokea haraka kuliko nilivyotegemea.

Kisha nikamwomba jambo moja kwenye ripoti ya mwaka. Pale wanapoandika wateja waliopo na marejesho yao, waongeze mstari wa vijiji walivyoacha, mwaka walioacha na sababu. Bila mstari huo bodi itaendelea kusoma kwamba Lamu ni tawi la mfano.

Alinyamaza kidogo. "Wafadhili watauliza maswali," akasema.

Nikamwambia hata mie nategemea watauliza.

"Sawa. Tutauweka kwenye kiambatisho."

Nimekataa kutia sahihi mpaka utoke kwenye kiambatisho uingie ukurasa wa kwanza wa hesabu. Jumatatu tunakutana Mombasa tukabishane.